Utuombee, Ndugu Mwenyekiti

Nchi ninayoisimulia haipo. Imebadilishwa jina mara sita tangu Mapinduzi, kwa hiyo hata ukidhani umewahi kuishi huko, jina utakalolitaja litakuwa la zamani, na kutaja jina la zamani ni kosa. Tuiite nchi tu. Ilikuwa na milima, mihogo, Chama kimoja, na Idara ya Mambo ya Dini ambayo kazi yake ilikuwa kulinda uhuru wa kuabudu. Iliulinda vizuri sana. Uliwekwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao Ndugu Kisarazo.

Ndugu Kisarazo alikuwa Afisa Dini wa wilaya yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni, na alipenda kila kitu kiwe na namba. Parokia yetu ilikuwa Kituo cha Ibada Namba 9. Padri wetu mzee alipokufa, Ndugu Kisarazo aliandika kwenye daftari lake kwamba nafasi imejitokeza.

Nafasi hiyo ilikaa wazi miaka tisa. Sheria ilisema kila Mpango wa Miaka Mitano nchi nzima ipate padri mpya mmoja, na wa Mpango ule alikuwa ameshapatikana kabla sisi hatujasikia, na wa uliofuata akaenda kwingine. Tulikuwa na shemasi, Novatus, mtoto wa hapahapa. Shemasi anabatiza, anafungisha ndoa, anazika. Hawezi kusoma Misa, hawezi kuungamisha, hawezi kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Kwa hiyo kwa miaka tisa tulizikwa vizuri, lakini tulikufa ovyo. Mtu anafika mwisho na dhambi zake mkononi, kama aliyefika dukani akakuta mlango umefungwa.

Novatus alianza kusubiri akiwa na nywele. Mama yake, Leokadia, kiongozi wa kwaya, alimshonea kasula ya upadrisho, vazi la padri la Misa, mwaka wa kwanza. Mwaka wa sita akaifumua kiunoni aipanue.

Halafu kibali kikaja. Kilikuwa na mihuri saba na hatua kumi na mbili.

* * *

Padri anawekwa wakfu na askofu, na askofu aliyebaki nchini alikuwa mmoja, Tiburtius, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Alikuwa anaishi kwenye kambi ya kujielimisha upya, ambako alikuwa akijielimisha kuhusu nguruwe. Serikali ilikubali kutuazima mzee huyo. Kibali kilisema atatolewa Ijumaa asubuhi na kurudishwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, akiwa katika hali ileile aliyochukuliwa. Alikuja na Koplo Chilongola, mwenye bunduki, ili asipotee.

Daktari wa kambi alikuwa amekwisha sema kwamba mzee hataufikia Mpango unaofuata. Kila mtu parokiani alijua maana yake. Jumamosi saa kumi na mbili ikipita kabla Novatus hajawekewa mikono, hatutapata padri tena maisha yetu yote.

Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilihusu hatua ya saba: litania.

Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Shemasi analala kifudifudi sakafuni mbele ya altare. Mwimbishaji anaita mtakatifu mmoja mmoja, na watu wanajibu, "Utuombee." Wakishaitwa wote, askofu anamwekea mikono. Ndugu Kisarazo alipoisoma orodha ile aligundua kwamba ni ya wageni mia moja na kitu, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi Uhamiaji. Akamwita katekista wetu, Apolinari, ambaye ndiye angeimbisha, wakaipitia pamoja.

"Petro," akasoma Ndugu Kisarazo. "Kazi?"

"Mvuvi."

"Wa ushirika au binafsi?"

"Alikuwa na wenzake, wana wa Zebedayo."

"Ushirika. Vizuri sana. Baadaye?"

"Akaziacha nyavu."

"Mtoro wa kazi." Akamfuta. "Stefano?"

"Alipigwa mawe na umma."

"Umma haukosei." Akamfuta. "Mikaeli?"

"Huyo ni malaika. Hana mwili. Ana upanga."

"Silaha isiyosajiliwa. Augustino?"

"Huyo Mwafrika mwenzetu, Ndugu Afisa."

Kalamu ikasita. "Aliandika vitabu?"

"Vingi mno."

Akamfuta. "Yohane Mbatizaji, alikufaje?"

"Alikatwa kichwa. Alimwambia mtawala si halali kuishi na mke wa ndugu yake."

Ndugu Kisarazo aliinuka akafunga dirisha. "Huyo," akasema kwa sauti ndogo, "tusimtaje hata kwa kumfuta. Yosefu?"

"Fundi seremala."

"Alisema nini?"

"Hakuna. Injili zote nne, hakuna neno lake hata moja."

Ndugu Kisarazo alilizungushia jina hilo duara kwa heshima. "Huyu," akasema, "ndiye raia."

Walibaki watatu: Yosefu seremala, Isidori mkulima na Zita mtumishi wa ndani. Lakini litania ya watu watatu ingeonekana kuwa kushuka kwa uzalishaji, kwa hiyo Idara ikajazia majina kumi na moja ya Kamati Kuu, kuanzia kwa Ndugu Mwenyekiti wa Maisha mwenyewe.

"Ndugu Afisa," Apolinari akasema, "hawa bado wako hai."

"Ndiyo faida yake. Watajibu upesi."

Kwa watakatifu watatu wa kwanza tungejibu "Utuombee" kama kawaida. Kwa viongozi tungejibu "Utuongoze." Tulifanyishwa mazoezi wiki tatu, na mazoezi hayakwenda vizuri. Shida ya watu wetu si ubishi. Ni mdomo. Kwenye mikutano ya Chama mtu akipaza "Chama kidumu!" nusu ya uwanja huitikia "Milele, amina."

"Mama Novatus," Ndugu Kisarazo alimwambia Leokadia, "wewe una sauti kuliko wote. Wewe ndiye wa kuwaongoza."

"Ndugu Afisa, mdomo huu umesema utuombee miaka hamsini. Wiki tatu zitaugeuza?"

"Utageuka. Ni mwanao anayelala pale chini."

"Najua ni mwanangu. Nilikuwepo."

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mimi nilipata nafasi mlangoni. Askofu aliingia amevaa kofia yake ndefu, na chini ya joho tuliona buti za mpira za kambini, maana viatu havikuandikwa kwenye kibali. Koplo Chilongola alisimama kando ya altare kama mshumaa wenye risasi. Ndugu Kisarazo alikaa kiti cha mbele na karatasi yake ya hatua, akiweka alama moja moja. Ikafika hatua ya saba. Novatus akalala kifudifudi. Sisi tukapiga magoti.

"Mtakatifu Yosefu," aliimba Apolinari.

"Utuombee."

"Mtakatifu Isidori."

"Utuombee."

"Mtakatifu Zita."

"Utuombee."

Wimbo wa litania ni kama ngazi. Ukishakanyaga vidato vitatu, miguu haiulizi tena.

"Ndugu Mwenyekiti wa Maisha."

"Utuombee!"

Na sauti iliyopita zote ilikuwa ya Leokadia.

Apolinari aliona kosa, lakini naye alikuwa ameshashika mwendo. "Ndugu Makamu Mwenyekiti." Utuombee. "Ndugu Waziri wa Ulinzi." Utuombee. "Ndugu Waziri wa Afya." Hapo bibi mmoja nyuma yangu alijipigia ishara ya msalaba akaanza kulia. "Jamani," akasema, "naye? Lini tena?"

Ndugu Kisarazo akaruka kutoka kitini. "Simameni!"

Tukasimama.

"Nimesema simameni!"

"Tumesimama, Ndugu Afisa," kwaya wakasema.

"Si kusimama! Kusimama! Rudini mlivyokuwa!"

Tukapiga magoti. Apolinari akadhani ameruhusiwa. "Ndugu Waziri wa Mifugo."

"Utuombee."

"Simameniii!"

Tukasimama tena, safari hii na mikono juu, kwa usalama. Kutoka sakafuni ikasikika sauti ya Novatus, mdomo wake ukigusa saruji.

"Baba Askofu, na mimi nisimame?"

"Wewe lala," akasema Askofu Tiburtius.

Ndugu Kisarazo alikuwa anakwenda huku na huku, kalamu zikigongana mfukoni. "Mnajua mmefanya nini? Kwanza mmemuua Ndugu Mwenyekiti na wenzake wanne. Pili, mmemfanya mtu wa kuomba. Mwanachama haruhusiwi kuomba hata mvua!"

"Tuanze upya," akasema askofu.

"Kibali ni cha litania moja."

"Basi nimwekee mikono sasa hivi."

"Hatua ya nane, na ya saba haijaisha? Koplo ana amri."

Koplo Chilongola akaitikia kwa kichwa, bila furaha.

"Na shemasi akiinuka?"

Ndugu Kisarazo akasoma karatasi. "Akiinuka kabla ya mwisho, hatua itahesabiwa kuwa imeachwa na mhusika."

Kwa hiyo Novatus alibaki pale pale. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kurudi nyuma, na juu hakuruhusiwa.

* * *

Ofisi ya wilaya iko ng'ambo ya barabara, na simu yake haisikiki bila kupiga kelele. Tulikusanyika chini ya dirisha tukasikia yote, maana Mkuu wa Mkoa naye alikuwa anapiga kelele upande wake.

"Wamesema nini hao watu wako?"

"Wamesema neno, Ndugu Mkuu."

"Neno gani?"

"Siwezi kulitamka."

"Litamke, ni amri!"

"Utuombee."

"Nikuombee nini? Umekunywa, Kisarazo?"

"Si wewe, Ndugu Mkuu! Wamemwambia Ndugu Mwenyekiti awaombee!"

"Awaombee kwa nani?"

Tulisikia kiti cha Kisarazo kikikwaruza sakafu.

"Nakuuliza, kwa nani? Nani yuko juu yake?"

"Hakuna, Ndugu Mkuu."

"Hakuna. Basi andika ripoti, eleza kosa lilivyokuwa, uniletee na sahihi yako."

Simu ikakatwa. Tulichungulia tukamwona Ndugu Kisarazo akichukua karatasi, akaandika huku akitamka kila neno: Leo waumini wa Kituo Namba 9 wamemhesabu Ndugu Mwenyekiti miongoni mwa wafu. Akaisoma. Akaimeza. Akaanza nyingine: Leo waumini wamesema maneno yanayomaanisha kwamba Ndugu Mwenyekiti ana mkubwa wake. Hiyo hakuimeza, aliichoma, na majivu akayatia kwenye chai. Jua lilizama bila ripoti.

Jumamosi asubuhi Novatus alikuwa bado sakafuni. Wanawake walimnywesha uji kwa mrija wa bua la mpapai. Msiniulize habari za haja ndogo. Kulikuwa na kopo, na kwaya iligeukia ukutani ikaimba kwa nguvu.

Leokadia alikaa chini karibu na kichwa cha mwanawe. Hakuwa ameonja kitu.

"Mwanangu, ni mdomo wangu uliokuponza."

"Ulitoa sauti nzuri, mama."

"Usinitanie. Miaka tisa namsumbua Mungu, mlango umefunguka, naufunga mwenyewe."

"Mama."

"Nini?"

"Nikune mgongoni. Hapana, chini zaidi. Hapo."

Akamkuna, machozi yakimdondokea Novatus kisogoni, na Novatus akakaa kimya kama Yosefu.

Saa nane mchana Ndugu Kisarazo alirudi kanisani na macho mekundu. Alimwambia askofu kwamba ameshindwa, ripoti haiandikiki, na bila ripoti hakuna ruhusa ya kuendelea. Saa kumi na mbili Koplo amchukue mzee, basi.

Askofu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya altare akisugua matope kwenye buti. "Hebu nione hiyo litania yenyewe," akasema. "Ile yenye mihuri."

Akapewa. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, kama wanavyofanya wazee wasio na miwani.

"Hapa kwa Yosefu pameandikwa 'Utuombee'. Kwa Isidori chini yake sioni neno. Naona vijialama viwili. Hivi ni nini, Ndugu Kisarazo?"

"Ni alama za 'kama hapo juu'. Tuna agizo la makao makuu la kubana wino."

"Ahaa. Na kwa Zita?"

"Kama hapo juu."

"Na kwa Ndugu Mwenyekiti?"

Ndugu Kisarazo akaunyakua waraka, akapitisha kidole kwenye vijialama, kimoja kimoja, jina la kwanza mpaka la kumi na moja. Kama hapo juu. Kama hapo juu. Kama hapo juu.

"Kwa mdomo ulituambia tuseme utuongoze," akasema askofu. "Lakini maandishi yanasema utuombee. Na hapa chini, hii sahihi kubwa ya wino mwekundu ni ya nani?"

Ilikuwa ya Ndugu Mwenyekiti wa Maisha.

Ndugu Kisarazo akakaa kwenye ngazi, bega kwa bega na adui wa umma. "Mungu wangu," akasema.

"Huyo huyo," akasema askofu. "Sasa sikia. Watu wangu hawakukosea. Walitii maandishi. Aliyekosea ni nani, sitaki kusema, mimi ni mfungwa. Wewe ni afisa. Wewe mpigie simu Mkuu wa Mkoa umuulize."

* * *

Swali hilo lilipanda kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi mji mkuu, na kila lilipofika mtu alilishika kwa ncha za vidole akampa aliye juu yake. Sahihi ya Ndugu Mwenyekiti haijawahi kukosea. Hilo lilikuwa kwenye Katiba, ibara ya pili. Vijialama vilikuwa pale, vya kweli, na sahihi chini yake. Ikiwa mtia sahihi hakukosea, na waliotii hawakukosea, basi aliyekosea alikuwa mmoja tu aliyebaki: kamusi.

Jibu lilisomwa kwenye simu saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Waraka wa dharura ulitamka kwamba kuanzia siku hiyo neno "kuombea" maana yake ni "kusimamia utekelezaji", kwamba maana hiyo ndiyo imekuwa yake siku zote, na kwamba wananchi wote watalitumia kila jina la kiongozi litakapotajwa.

Na linatumika. Siku ya Mapinduzi mwaka ule, uwanja mzima wa watu arobaini elfu ulijibu "Utuombee" baada ya kila jina, na viongozi jukwaani walikaa wakisikiliza, mikono magotini, kama watu wanaopimwa jeneza. Mabalozi wa nje, ambao hawakupata waraka, walileta mashada ya maua. Mmoja alishusha bendera yake nusu mlingoti, akapongezwa kwa kuwahi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile sisi tulikuwa na dakika ishirini na tano, na Ndugu Kisarazo akaingia mbio akipunga karatasi.

"Imeruhusiwa! Endeleeni mlipokomea! Ila waraka unasema kila kiongozi atajwe kwa vyeo vyake kamili."

Walibaki viongozi sita. Waziri wa Misitu peke yake alikuwa na vyeo kumi na tisa, pamoja na Mlezi wa Soka na Baba wa Miche. Apolinari akaanza kwa sauti ile ile ya taratibu, na mpaka afike Mlezi wa Soka dakika tano zilikuwa zimekwenda.

Leokadia akasimama katikati ya kwaya. "Apolinari, hivyo unamzika mwanangu! Shika mchakamchaka!"

Kila mtu katika nchi ile amepita jeshi la vijana, na kila mtu anajua kuimba akikimbia. Kwaya ikaanza kupiga miguu chini. Apolinari akapandisha, tukapokea, kanisa likatingishika, vyeo vikapita kama mbuzi wanaotolewa zizini, na nyuma ya kila kundi la vyeo tukafyatua "Utuombee!" mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Ndugu Kisarazo mwenyewe alikuwa anapiga mguu. Nadhani hakujua.

Jina la mwisho lilipotoka, askofu akainua mkono. Miguu ikatulia ghafla. Novatus akajitahidi kuinuka, magoti yakakataa, akatambaa mpaka miguuni pa mzee. Askofu Tiburtius akamwekea mikono kichwani, mikono ile ya pumba za nguruwe, bila kusema neno, maana hapo hakuna neno. Halafu akasali sala ya kuweka wakfu kwa kichwa, bila kitabu, upesi, bila kuruka kitu. Ndugu Kisarazo alitia alama kwenye hatua ya nane, akasahau ya tisa mpaka ya kumi na mbili, akaweka kalamu chini.

Leokadia alimvisha kasula. Ilibana tumboni.

"Muda," akasema Koplo Chilongola. Saa yake ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika moja. Akamshika askofu mkono wa joho.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema mzee. "Padri mpya anatoa baraka yake ya kwanza, na askofu ndiye anayeipokea. Ni desturi."

"Haimo kwenye hatua."

"Ndiyo maana ni fupi."

Na mzee akapiga magoti. Alishuka kwa uzito wote wa miaka themanini na moja, na Koplo, aliyekuwa na amri ya kutomwachia, hakumwachia. Joho lilimvuta, buti likateleza kwenye saruji, na akajikuta magotini bega kwa bega na mfungwa wake, bunduki imelala ubavuni. Padri Novatus alikuwa ameshanyoosha mkono. Hakuona, au aliona. Akachora msalaba hewani juu ya vichwa viwili.

Tulisema amina. Nyuma yangu yule bibi aliyemlilia Waziri wa Afya alikuwa amekwisha panga mstari wa kuungama, yeye wa kwanza.

Koplo alibaki pale chini akimwangalia Padri Novatus.

"Na mimi imenipata?" akauliza.

"Imekupata, Ndugu."

"Inatoka?"

"Haitoki."

Koplo akafikiri. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kofia. Akamgeukia askofu, akanong'ona, lakini kanisa lilikuwa kimya na wote tulisikia.

"Mzee, kambini nitawaambia nini?"

Askofu Tiburtius akamshika kiwiko, wakasaidiana kuinuka.

"Waambie ulijikwaa."